Nimekatwa vidole kazini na naambiwa ni uzembe wangu: je, nina haki ya fidia?

SWALI: Nina miaka 29, nafanya kazi ya kupasua mbao kwenye karakana ya samani. Wiki sita zilizopita msumeno wa meza ulinikata mkono wa kulia. Kidole cha shahada kimebaki nusu, na cha kati kimepona lakini hakikunji tena. Msumeno ule haukuwa na kikinga. Kilitolewa zamani kwa sababu kinachelewesha kazi. Mwenye karakana alilipa hospitali siku ya kwanza, kisha mshahara ukasimama. Sasa ameniletea karatasi niweke dole gumba nipokee mshahara wa miezi miwili kama mkono wa pole, na karatasi inasema sitadai kitu kingine chochote. Msimamizi ananiambia nishukuru, maana ajali ni uzembe wangu na mimi ni kibarua tu, sina mkataba. Je, nina haki yoyote? Kama ninayo, inahesabiwaje?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana kwa yaliyokukuta. Nianze na hiyo karatasi maana ndiyo yenye haraka: usiiwekee dole gumba. Alama ya dole ina nguvu ileile ya sahihi, na karatasi nzima imeandikwa kwa ajili ya sentensi moja, ile ya "sitadai kitu kingine". Ni kweli kwamba sheria za fidia za nchi nyingi hazitambui makubaliano yanayompunguzia mfanyakazi haki aliyopewa na sheria. Lakini ili yatenguliwe inabidi kuwe na shauri, na shauri linakula muda na nauli wakati wewe huna mshahara. Kutokuweka alama hakukugharimu chochote.

Sasa swali lenyewe. Kwa maelezo uliyonipa, ndiyo, una madai ya fidia, na sababu zote mbili unazopewa za kukunyima, uzembe na ukibarua, ni dhaifu. Nitazieleza moja moja, kisha tuingie kwenye hesabu, ambako watu wengi hupunjwa na wala wasijue kwamba wamepunjwa.

Kuhusu uzembe

Fidia ya ajali kazini haiulizi nani alikosea. Inauliza mambo mawili tu: aliyeumia ni mfanyakazi? Aliumia kutokana na kazi, akiwa kazini? Majibu yakiwa ndiyo na ndiyo, fidia inatoka hata kama mwajiri hakukosea popote, na hata kama wewe mwenyewe ulipitiwa. Msimamizi wako anajibu swali ambalo sheria haikuuliza.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1837 huko Uingereza, kijana aliyekuwa akimfanyia kazi mwuza nyama alivunjika paja pale gari la farasi lililojazwa mzigo kupita kiasi lilipovunjika. Jopo la raia waliosikiliza kesi lilimpa fidia, lakini majaji wakaitengua. Walisema mtumishi anazijua hatari za kazi yake sawa na bwana wake, pengine hata kumzidi, na angeweza kukataa kupanda lile gari. Kesi hiyo, Priestley dhidi ya Fowler, ilifungua njia ya utetezi wa aina tatu uliowalinda waajiri kwa miongo mingi: ulijua hatari ukaikubali, aliyekosea ni mfanyakazi mwenzako, si mwajiri, au wewe mwenyewe ulichangia ajali. Mwajiri alihitaji kushinda kwa moja tu. Ukisikiliza vizuri anachokwambia msimamizi wako leo, ni utetezi wa tatu neno kwa neno.

Ujerumani ndiyo iliyoubomoa mtindo huo mapema. Sheria ya bima ya ajali ya mwaka 1884, wakati wa Kansela Bismarck, iliwataka waajiri wachangie mifuko ya pamoja bila mfanyakazi kukatwa hata senti, na aliyeumia hadi akashindwa kabisa kufanya kazi alipwe theluthi mbili ya mshahara wake. Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 1897. Majimbo ya Marekani yakaanza kufuata, Wisconsin likiwa miongoni mwa ya kwanza mwaka 1911. Mwaka 1925 Shirika la Kazi Duniani, ILO, likapitisha mkataba wake namba 17 kuhusu fidia kwa ajali za kazini.

Nyuma ya sheria hizi kuna mapatano, nami nakuomba uyashike kichwani kuliko tarehe zote nilizotaja. Mfanyakazi aliachia kitu: katika nchi nyingi hawezi tena, au anaweza kwa masharti magumu tu, kumshtaki mwajiri na kudai kila kitu mahakamani, pamoja na fedha za maumivu na mateso. Badala yake akapewa malipo ya uhakika, yasiyohitaji kuthibitisha kosa la mtu, ingawa yana kikomo. Mwajiri naye akapata kinga dhidi ya hukumu kubwa inayoweza kumfilisi. Kwa hiyo mwajiri anayesema "ni uzembe wako" anataka abaki na upande wake wa mapatano huku akikunyima wa kwako. Upande wako ulishaulipia siku sheria ilipotungwa.

Vizuizi vipo, ila ni vyembamba. Karibu kila mahali sheria inamnyima fidia aliyejiumiza kwa makusudi, na mara nyingi pia aliyekuwa amelewa, au aliyefanya utovu wa nidhamu mkubwa wa kukusudia. Neno zito hapo ni kukusudia. Kuchoka, kuharakisha, kuteleza mkono, kukosea kipimo, hayo ni mambo ya kila mtu anayefanya kazi, na ndiyo hasa fidia iliwekwa kwa ajili yake. Tena sheria nyingine zinakwenda mbali zaidi: ile ya Kenya ya mwaka 2007 inasema hata utovu wa nidhamu wa kukusudia haumnyimi mfanyakazi fidia endapo ajali imesababisha ulemavu mkubwa au kifo.

Kuhusu kikinga, usiogope kukitaja. Wengi hukaa kimya wakidhani kufanya kazi kwenye mashine isiyo na kikinga ni kosa lao. Kama karakana nzima inapasua mbao hivyohivyo na msimamizi anapita hapo kila siku, hiyo ndiyo namna ya kazi ya karakana, na anayebeba wajibu wa mashine salama ni mwajiri. Ila fanya haraka, kwa sababu baada ya ajali vikinga vina kawaida ya kurudi mahali pake. Mwombe mwenzako unayemwamini aupige picha msumeno ulivyo sasa, hasa pale kikinga kinapofungwa. Kama matundu ya skrubu yamejaa unga wa mbao ulioganda kwa mafuta na nyuzi zake zina kutu, picha hiyo inasema kilitoka zamani kuliko maneno yoyote ya shahidi. Kama kimesharudishwa na skrubu zinang'aa upya, piga picha hiyo pia.

Kuhusu ukibarua

Mkataba wa maandishi ni ushahidi wa ajira. Ajira yenyewe inaweza kuwepo bila karatasi. Anayeamua shauri hutazama hali halisi: nani alikupangia saa za kuingia na kutoka, mashine na mbao ni za nani, nani alikuonyesha cha kufanya, ulilipwa na nani na kwa utaratibu gani, ungeweza kumtuma mtu mwingine afanye badala yako? Mtu anayefika asubuhi, anatumia msumeno wa karakana, anapasua alichoagizwa na kulipwa kila wiki, huyo ni mfanyakazi, hata aitwe kibarua, msaidizi au fundi wa kujitegemea. Zipo nchi ambazo sheria yake huacha nje makundi fulani, kwa mfano kazi ya nyumbani, au kibarua wa siku moja anayefanya jambo lisilohusu biashara ya mwajiri. Wewe ulikuwa unapasua mbao kwenye karakana inayouza vitu vya mbao. Kazi yako ndiyo biashara yenyewe.

Kukusanya ushahidi huu si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Ujumbe wa simu wa kupokea malipo, hasa kama umekuja tarehe zinazofuatana. Ujumbe wa msimamizi akikuuliza kwa nini umechelewa. Daftari la mahudhurio, hata picha ya ukurasa mmoja. Picha mliyopiga na wenzako mkiwa kazini. Mteja aliyekuona ukimpasulia mbao zake. Weka nakala nje ya simu yako, maana simu hupotea na huibwa.

Kama aliyekuajiri ni mkandarasi mdogo ndani ya karakana ya mtu mwingine, mtaje na mwenye kazi mkubwa kwenye madai. Sheria nyingi humfanya mwenye kazi awajibike pale mkandarasi wake anaposhindwa kulipa.

Na usikubali kuambiwa "sisi hatuna bima, kwa hiyo hakuna fidia". Ulimwenguni kuna mifumo mikubwa miwili. Kuna nchi ambako mwajiri hukata bima kwenye kampuni, kama Kenya, na kuna ambako huchangia mfuko wa umma, kama Tanzania na Mfuko wake wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Katika mifumo yote miwili mchango ni wa mwajiri. Kuukata kwenye mshahara wa mfanyakazi ni kosa. Mwajiri ambaye hakukata bima au hakujisajili amevunja sheria yeye. Deni lake kwako halifutiki kwa sababu hiyo, na ofisi ya kazi itapenda kujua.

Fidia ina nini ndani yake

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu mwenye karakana amekuwekea mezani kitu kimoja kana kwamba ndiyo yote.

Kwanza ni matibabu. Si ya siku ya kwanza tu. Ni pamoja na upasuaji wa kurudia ukihitajika, dawa, mazoezi ya viungo, na kiungo bandia au kifaa cha kusaidia pale kinapohitajika. Mkataba namba 17 wa ILO uliyataja haya tangu 1925, pamoja na fedha za ziada kwa aliyeumia kiasi cha kuhitaji mtu wa kumhudumia muda wote. Kidole chako cha kati kisichokunja kinaweza kuwa bado kinasaidika. Baada ya jeraha la namna hiyo mara nyingi kano hushikana na kovu, na mtaalamu wa mazoezi ya mkono, au upasuaji wa kuziachia, huweza kurudisha sehemu ya mwendo. Mwulize daktari swali hilo wazi, na umwombe aandike jibu lake kwenye faili.

Pili ni malipo ya kipindi ambacho huwezi kufanya kazi, yaani ulemavu wa muda. Hayo ndiyo yaliyopaswa kuchukua nafasi ya mshahara uliosimama. Mkataba namba 121 wa ILO wa mwaka 1964 unaweka kiwango cha chini cha asilimia 60 ya kipato kwa mfanyakazi wa mfano, mwenye mke na watoto wawili, na unasema muda wa kusubiri usizidi siku tatu za mwanzo. Si kila nchi imeuridhia, na viwango vya kitaifa vinatofautiana, lakini unakupa kipimo cha kuona kama unachopewa kinaelekea kwenye haki. Wiki sita bila chochote hakielekei.

Tatu ni fidia ya ulemavu wa kudumu. Hii ndiyo kubwa kwako, na ndiyo ambayo karatasi ile inataka kuizika. Hulipwa hata kama umerudi kazini. Nasisitiza, kwa kuwa nimeona watu wengi walioambiwa "mbona unafanya kazi" wakaona aibu kudai. Kinacholipwa ni kile ambacho mwili umepoteza na hautakirudisha.

Hesabu yake huanza na asilimia. Karibu kila sheria ina jedwali linalosema kiungo fulani ni asilimia ngapi ya mwili mzima, na vidole hugawanywa kwa pingili: kukatwa kwenye kiungo cha mwisho ni asilimia ndogo, cha katikati ni zaidi, kwenye shina ni zaidi tena. Jeraha lisilomo kwenye jedwali hupimwa na daktari kwa kulinganisha. Asilimia hiyo huzidishwa na kipato chako na idadi ya miezi iliyowekwa na sheria. Kenya inahesabu miezi 96 ya kipato. Uganda miezi 60 kwa ulemavu kamili. Ukipewa, tuseme, asilimia 15, kwa hesabu ya Kenya ni miezi 14.4 ya kipato, bila kugusa matibabu wala yale malipo ya muda. Nimechukua asilimia 15 kama mfano tu, yako ataisema daktari. Ila ilinganishe na miezi miwili ya mkono wa pole.

Kwingine fidia hii haitolewi kwa mkupuo bali kama pensheni ya kila mwezi, hasa ulemavu ukiwa mkubwa. Ukipewa hiari na ulemavu ni mkubwa, maoni yangu ni pensheni. Mkataba wa 1925 wenyewe unataka malipo yawe ya vipindi, na kuruhusu mkupuo pale mamlaka inaporidhika kwamba fedha zitatumika vizuri. Pesa nyingi za mara moja, mikononi mwa mtu mwenye maumivu na madeni ya wiki sita, hupata wenyewe wengi.

Sasa, sehemu mbili ambako hesabu huchezewa.

Moja ni kipato. Mwajiri anayelipa bima au mchango kulingana na mishahara anaweza kuwa ametangaza mshahara mdogo kuliko aliokulipa. Yeye aliokoa kila mwezi, na leo fidia yako inahesabiwa kwa ule mdogo. Andika kipato chako chote: malipo ya msingi, malipo ya saa za ziada kama yalikuwa ya kawaida, posho za kudumu, thamani ya chumba kama ulipewa. Sheria hutofautiana katika kipi kinaingia, hivyo taja vyote uache mpimaji aondoe asichokubali. Usimpunguzie kazi.

Nyingine ni uchunguzi wenyewe wa daktari. Ukifanywa mapema mno, kabla kidonda hakijatulia, madhara ya baadaye hayamo. Ukifanywa kwa haraka, daktari huandika kilichokatwa na kusahau kilichobaki lakini hakifanyi kazi. Kwako wewe hatari hii ni ya kweli kabisa: kidole cha shahada kitaonekana tangu mlangoni, lakini cha kati kinaonekana kizima mpaka uombwe ukunje ngumi. Uchunguzi mzuri unafanyika hivi. Daktari anaweka kipima pembe juu ya kila kiungo cha kidole, vyote vitatu, na kuandika nyuzi ngapi kinanyooka na nyuzi ngapi kinakunja. Anakupa kifaa cha kubana kwa mkono wa kulia, halafu wa kushoto, ili alinganishe nguvu. Anagusa ncha ya kibutu kwa kitu chembamba ukiwa umefumba macho, kuona kama unahisi, na anakandamiza kutafuta sehemu inayopiga kama umeme, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyokatwa inaweza kuota fundo lenye maumivu makali. Anauliza mkono upi unautumia zaidi. Ukitoka chumbani baada ya dakika tatu na vidole vyako havikupimwa, mwambie kwa heshima kwamba cha kati hakikunji na unaomba kiandikwe. Asipoandika, omba daktari mwingine. Sheria nyingi zinaruhusu kupinga asilimia kwa maoni ya pili au mbele ya bodi ya madaktari.

Mwambie pia unafanya kazi gani. Jedwali kwa kawaida halijali kazi ya mtu, kidole cha karani na cha fundi seremala ni asilimia ileile. Lakini sheria nyingine zinaruhusu kuongeza pale jeraha linapomwumiza mtu zaidi kwa sababu ya ufundi wake, na wewe unaishika mbao kwa vidole hivyohivyo viwili.

Hukuuliza kuhusu kifo, nami nitakitaja kwa kifupi kwa ajili ya wasomaji wengine: mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini, fidia ni ya mjane au mgane, watoto na wategemezi wengine, pamoja na gharama za mazishi, na familia haihitaji kuthibitisha kosa la mtu yeyote.

Kipi ufanye wiki hii

Toa taarifa kwa maandishi. Najua mwenye karakana anajua, alikupeleka hospitali mwenyewe, lakini kujua kwake hakuna tarehe wala mhuri. Muda wa kutoa taarifa mara nyingi ni mfupi, na muda wa kufungua madai huwa na ukomo. Kenya ni miezi 12 tangu ajali. Barua yenyewe iwe fupi: jina lako, siku na saa ya ajali, mashine gani, ulikuwa unafanya nini kwa agizo la nani, umeumia wapi, nani waliona, na kwamba unaomba ajali iripotiwe kwa mamlaka ya kazi na kwa bima au mfuko. Usiandike maoni wala hasira, na usiandike neno "samahani". Nakala mbili, moja asaini kupokea. Akikataa, mtumie picha ya barua kwa ujumbe wa simu, na upeleke nakala mwenyewe ofisi ya kazi. Mwajiri ana wajibu wa kuripoti, lakini akikaa kimya haki yako ya kudai haifungwi na ukimya wake.

Kisha nenda hospitali ulikotibiwa uombe nakala ya maelezo ya siku ya kwanza. Soma mstari unaosema ulivyoumia. Hapa ndipo madai mengi hufia, kwa sababu anayempeleka majeruhi mara nyingi ni mtu wa kampuni, naye ndiye anayeongea mapokezini wakati mgonjwa anavuja damu. Imeshaandikwa "aliumia nyumbani" au "alianguka" kwa watu waliokatwa na mashine mbele ya wenzao. Ukikuta hivyo, usikate tamaa na usifute kitu. Mwombe daktari aliyekushona aandike nyongeza ya kile alichokiona: jeraha la msumeno lina kingo zilizochanika na nyama iliyopotea kwa upana wa jino la msumeno, halifanani na la kuanguka. Na mashahidi wawili waandike walichokiona, kila mmoja kwa maneno yake.

Akikuita urudi kazini kabla daktari hajakuruhusu, mwonyeshe karatasi ya daktari. Akikupa kazi nyepesi kwa malipo madogo, unaweza kuikubali kama mkono unaiweza, na katika nchi nyingi tofauti ya kipato wakati wa ulemavu wa muda inadaiwa pia. Akikufukuza kwa sababu umedai, hilo linakuwa shauri jingine, la kuachishwa kazi isivyo halali, nalo lina muda wake mfupi zaidi. Usilichanganye na hili.

Kuhusu wakili, kwa madai ya kawaida huhitaji kuanza naye. Anza ofisi ya kazi, chama cha wafanyakazi kama kipo, au kituo cha msaada wa kisheria. Tafuta wakili madai yakikataliwa, au kama kuna mhusika wa tatu, mfano aliyeuza msumeno wenye hitilafu, kwa kuwa huyo hakuwa sehemu ya yale mapatano na anaweza kushtakiwa kivyake. Kabla hujampa kazi, mwulize atachukua sehemu gani ya fidia, na aiandike. Madai yakikataliwa, omba sababu kwa maandishi na tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Bila sababu hizo hujui unapinga nini.

Jambo moja kwa wenzako uliowaacha pale. Unga wa mbao umo kwenye orodha ya ILO ya magonjwa ya kazini ya mwaka 2010 kama chanzo cha saratani, na kelele za misumeno zinaua masikio polepole. Magonjwa hayo yanalipwa fidia kama ajali, na katika sheria nyingi muda huanza kuhesabiwa pale ugonjwa unapotambuliwa. Anayekohoa tangu mwaka jana amwambie daktari anafanya kazi wapi.

Turudi kwenye ile miezi miwili, maana najua nyumbani kunahitajika kitu. Unaweza kupokea pesa bila kuuza haki yako. Mwambie mwenye karakana uko tayari kusaini stakabadhi inayosema hivi tu: "Nimepokea kiasi fulani, tarehe fulani, kama sehemu ya mshahara wa kipindi cha matibabu baada ya ajali ya kazini ya tarehe fulani. Madai mengine ya fidia yanaendelea." Mwenye nia njema ataikubali, kwani haimwongezei deni. Akisema ni karatasi yake au hakuna pesa, iache mezani, na kesho asubuhi uwe ofisi ya kazi na nakala ya barua yako. Kabla hujaondoka omba uipige picha karatasi hiyo. Mwajiri anayeandika kwamba anakupa mkono wa pole kwa ajali ya msumeno wake ameshakubali kwa maandishi kwamba ajali ilitokea kazini kwake.